Bandeji Kwenye Goti Zima

Hayo magurudumu mnayoyasikia koridoni ni ya kitanda changu, wanakuja kunichukua, kwa hiyo Kapya mdogo wangu sogea, mpakate mwanangu Kasuba hapa karibu, nisikilizeni wala msinikatize, maana kidonge walichonipa kinaanza kuulegeza ulimi, na naogopa, ndiyo, naogopa, nina miaka ishirini na sita na mtoto wa miaka sita, nakwenda kupigwa nusu kaputi mara ya tatu, na mara ya pili nilichelewa kuamka mpaka bamayo, mama yetu, akaanza kunililia. Nisipoamka leo, haya ndiyo maneno yangu.

Cherehani ni ya bamayo. Vitenge vyangu achague yeye. Njumu zangu msinizike nazo, wala msizitundike ukutani kama picha ya marehemu. Ni za Kasuba, mguu wake ukikua.

Sasa lile la Priscah Mwewa, yule mshambuliaji wa Luanshya. Mufulira nzima inamchukia kwa kunivunja, na wewe Kapya ulimrushia chupa, nilikuona. Koma. Sikia nilichofanya. Goti langu la kushoto lilikuwa linauma miezi, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa naitwa kambi ya timu ya taifa, na kila beki anajua kwamba ukifunga bandeji, mshambuliaji anakuja papo hapo penye bandeji. Basi nikafunga la kulia, zima kabisa, lile bovu nikaliacha wazi linang'aa mafuta. Priscah akanicheka: "We BanaKasuba, mama mtoto, umekuja uwanjani au umekuja kliniki?" Nikamjibu, "Nimekuja kukuzika, dada, jeneza umelileta?" Dakika ya sabini akaingia na mguu juu, kwenye bandeji, kama nilivyomwelekeza mwenyewe, nikasikia goti zima likivunjika kama muwa, na nilipoanguka nikaliangukia lile bovu. Yote mawili, siku moja. Yeye alipiga alipoonyeshwa. Na mimi miaka minne nimemwacha abebe lawama, kwa sababu niliona aibu. Mwendee, Kapya, sokoni kwake Luanshya, mwombe radhi kwa jina langu, tena mbele ya wateja wake, kwa sauti.

Bamayo atasema Kasuba asicheze, mpira umemla mama yake. Haukunila! Mimi ndiye niliyeula, misimu mitano, waulizeni washambuliaji wa ligi hii wangapi walirudi nyumbani bila kuliona lango letu. Mwacheni acheze. Akitaka ubeki, awe beki. Ila akiumia aseme siku hiyohiyo, apige kelele, atoke nje, na atakayemwita mwoga mtamjibu nyinyi. Msimfundishe kuogopa. Kuogopa atakujua mwenyewe, kama mimi hapa, natetemeka hivi na bado naingia.

Wamefika. Subirini kidogo, sista, tafadhali, kidogo tu.

Kasuba, lete mkono. Huo ni wa moto, huo. Lesa, Mungu wetu, akulinde, mama, akupe magoti mawili imara na mdomo wa kusema yanapouma. Umtii mjomba wako. Ule nshima yako, ugali wote, umalize. Usi... usilie, mimi mwenyewe silii.

Kapya, inama. Mzibe masikio. Bamayo anadhani napasuliwa ili nitembee. Daktari alisema kutembea ningetembea tu, na fimbo, hivi hivi, bila kisu. Mimi ndiye niliyekataa kubaki na fimbo. Nimekuja ili nicheze, Kapya. Msimu mmoja. Hata nusu... hata kutokea benchi. Usinitazame hivyo. Najua nina mtoto. Najua. Bamayo asijue, nikiamka au nisipoamka, asijue kwamba nilichagua... Ulimi wangu huu, mzito... Sema, nikusikie kabla hawajasukuma. Sema.

"Sitamwambia bamayo, yaya, dada yangu."

Tena.

"Sitamwambia mtu."