Matairi ya Kimya na Tawi la Mwarobaini: Kumuaga Mama Erina

Leo Ijumaa, tarehe 17 Desemba 2010, Bi. Erina Kabahenda anastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Tiba la Mto Mweupe kwa miaka ishirini na miwili. Alianza mwaka 1988 akiwa karani wa stoo katika makazi ya wakimbizi ya Adjumani, akahamishiwa Lokichoggio, na mwaka 2006, amani ilipokuwa ingali mbichi, alivuka mpaka wa Nimule ndani ya lori la vitanda akaja kuifungua ofisi ya ugavi hapa Juba. Hakuna shuka, kijiko wala kitanda katika hospitali yetu ya Atlabara ambacho hakikupita mikononi mwake.

Vitanda, kusema kweli, vilipita mgongoni mwake. Mama Erina hakupata kununua kitu kabla ya kukaa mahali atakapokaa yule atakayekitumia. Alilala juu ya kila godoro. Alitembea na magongo ya wagonjwa kutwa nzima, akayarudisha kwa sababu yalimchubua kwapa. Siku ya machela mapya alijilaza, akafumba macho, akaagiza abebwe kuuzunguka ua, na muuzaji aliyeingia langoni wakati huo akavua kofia na kuanza kusali. Kiti kipya cha mkurugenzi alikikalia asubuhi nzima, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Tulikuwa tukicheka. Kisha ukaja Agosti 2008, na tangu hapo hatucheki kwa namna ile ile.

Duop, fundi mwashi wetu, ambaye leo amekaa safu ya mbele na shati lake jeupe, alikuwa akijenga zahanati yetu ya Nesitu, kwenye barabara kuu ya Nimule. Alikanyaga msumari, akafunga mguu kwa kitambaa, akaendelea kupanga matofali. Baada ya siku kadhaa taya lake likakaza. Tabibu Akon, aliyekuwa zamu huko katika chumba cha kwanza kilichokamilika, alimtazama mara moja tu akajua kuwa ni pepopunda.

Kwa wasioujua ugonjwa huo, mgonjwa wake ni kama kamba iliyovutwa hadi mwisho. Mlango ukigongwa, mtu akikohoa karibu, mwili wote hukakamaa, na pumzi inaweza kukatika papo hapo. Dawa ya kumtuliza ilipelekwa kwa pikipiki, nayo ilimtuliza kiasi. Lakini oksijeni, chumba cha giza na wauguzi wa kumlinda usiku na mchana vilikuwa Atlabara, ng'ambo ya mto. Gari la wagonjwa lilipowashwa ili kumchukua, mgongo wa Duop ulipinda kama upinde kabla hata hajainuliwa kitandani. Akon akaamuru lizimwe. Kisha akaita ofisini kwa redio ya mawasiliano, na waliokuwapo wanayakumbuka maneno yake: "Mama Erina, dawa niliyo nayo itamshika mpaka jioni. Nitafutie gari lisilo na sauti."

Gari lisilo na sauti halijaundwa. Tulichokuwa nacho ni gari dogo la mkurugenzi, lenye injini tulivu na springi laini, lakini lilikuwa limevishwa matairi ya meno makubwa kama ilivyo desturi ya Juba msimu wa mvua. Juu ya kokoto lilinguruma kama kinu cha kusaga. Mama Erina alimwita dereva wetu Malual, wakateremka nalo mpaka ng'ambo ya daraja, Sherikat, penye mafundi na wauza matairi. Njiani Malual alimkumbusha jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua vizuri. Tairi la kimya lina meno madogo yaliyosongamana, mpira laini na ubavu mwembamba unaobonyea, na kwa sababu hizo hizo jiwe la Nesitu hulipasua kwa urahisi. Likipasuka katikati ya safari, jeki na nyundo vingemuua mgonjwa waliyekwenda kumwokoa. Alichokuwa akikichagua siku ile kilikuwa aina ya hatari. Sauti ingemuua Duop bila shaka. Mawe huenda yangemhurumia.

Mugisha, muuza matairi, naye yupo nasi leo, na ametupa ruhusa ya kuyarudia maneno yake.

"Mama, mimi iko na tairi ya nguvu," alisema, akilipiga teke moja. "Hii inafika Nimule na kurudi, haijui pancha."

Mama Erina akamwambia kuwa anataka linalonyamaza na kubonyea.

"Sasa wewe unatafuta tairi ama godoro?"

Mafundi wote wakacheka. Mama Erina hakucheka wala hakukasirika. Alibonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba, akayakataa matairi mapya yaliyong'aa kwa sababu yalikuwa yamekaa juani hadi yakawa magumu kama pembe. Akayafungisha mengine, akaingia kiti cha nyuma, akalaza kichwa pale ambapo kichwa cha Duop kingelala, akamwamuru Malual aendeshe mpaka darajani na kurudi. Yalivuma. Yakafungwa mengine, nayo, kwa kuwa yalilika upande mmoja, yakaimba. Mawingu ya radi yalikuwa yakijikusanya upande wa kusini, na kila fundi aliyekwisha kusikia kwa Malual habari za mgonjwa alikuwa ameacha kucheka.

Ndipo akateremka, akatazama huku na huku, akaenda moja kwa moja kwenye gari lililoegeshwa kivulini nyuma ya duka. Lilikuwa aina ile ile kama letu. Aliinama akayapapasa matairi yake, kisha akauliza ni ya nani.

"Hapana, Mama. Hiyo si ya kuuza," Mugisha alijibu. "Hiyo ni ya Lillian, bibi yangu. Iko na mimba ya miezi nane. Mimi nilitafuta hiyo tairi mpaka Kampala."

Basi mtu aliyekuwa akiwauzia wengine meno makubwa alikuwa amempakia mkewe juu ya matairi ya kimya kupita yote Sherikat. Mama Erina hakumdhihaki. Alimweleza habari za Duop tangu msumari mpaka redio, kwa utulivu, kama anayesoma bei. Mugisha akamwita Lillian, wakazungumza kwa lugha yao. Kisha akaleta jeki yeye mwenyewe, akaliacha gari la mkewe juu ya matofali. Alisema ni azima, yarudi kabla mtoto hajafika. Hiyo ndiyo mara pekee katika miaka ishirini na miwili afisa wetu wa ugavi alipochukua kitu bila karatasi. Aliomba pia upepo upunguzwe, maana vijana wa pale hujaza kila tairi kana kwamba litabeba saruji.

Walipofika Nesitu, kiti cha mbele cha abiria kililazwa, Duop akawekwa juu yake, pamba masikioni na kitambaa machoni, kichwa chake kikiwa kiti cha nyuma kati ya Akon na Mama Erina. Malual akaondoa gari kama mtu anayetoka chumba alimolala mtoto mchanga. Kokoto zilinong'ona tu chini yao. Duop akapumua, akapumua tena. Kwa mara ya kwanza siku ile Mama Erina aliegemea.

Alikuwa amefikiria matairi, springi, upepo na mvua. Hakuwa amefikiria salamu.

Barabara ya Nimule ina adabu yake. Dereva akiliona gari la mwenzake hupiga honi, na asiyepiga huhesabiwa kuwa na kiburi. Malual anajulikana kuanzia Sherikat mpaka mpakani. Hawajafika mbali, lori lililotoka Uganda likamtambua, na dereva wake, kwa upendo mtupu, akaibana honi mpaka mwisho.

Duop akapinda. Meno yakagongana, uso ukawa rangi ya majivu, na kwa muda ambao Akon mpaka leo hapendi kuusimulia, kifua hakikupanda. Gari likasimama. Akon akachoma sindano ya mwisho aliyokuwa nayo, wakangoja. Pumzi ikarudi, nyembamba kama uzi. Mbele yao ilibaki karibu njia yote, na malori ya alasiri yalikuwa ndiyo kwanza yanateremka kutoka Juba.

Mama Erina alishuka bila kufunga mlango. Kando ya barabara palikuwa na mwarobaini. Alivunja tawi kubwa lenye majani, akalifunga mbele ya gari, juu ya boneti, kwa leso yake ya kichwani. Madereva mliomo humu mnajua maana ya alama hiyo kwenye barabara ile: gari limebeba maiti.

Malual aliona, akatoa kichwa dirishani. "Mama, zii, usifanye hivyo!" alinong'ona. "Huyu jamaa bado anapumua. Ukimwekea tawi unamwitia kifo!"

"Malual, mwanangu," Mama Erina akamjibu kwa sauti ndogo, "maiti hapigiwi honi. Endesha."

Akaendesha, huku machozi yakimtoka. Lori la kwanza lilipoliona tawi, lilisogea pembeni na kuzima injini. La pili likafanya vivyo hivyo. Habari ilitangulia kwa namna ambayo habari hutangulia barabarani. Walipokaribia Sherikat, malori yalikuwa yamepangana kimya, madereva wamesimama chini, kofia mikononi, wakimwombea marehemu ambaye kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka. Mugisha aliyatambua matairi yake. Akaona tawi. Akakaa chini mavumbini, akajifunika uso.

Lilibaki daraja. Ninyi nyote mmesikia jinsi mabati yake ya chuma yanavyopiga kelele gari linapopita. Askari wa zamu, alipoliona tawi, alisimamisha pande zote mbili, na gari likaingia peke yake kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mama Erina aliziba masikio ya Duop kwa viganja vyake, juu ya pamba. Chini yao mpira laini ulimeza kila kiungo cha chuma, kimoja baada ya kingine. Daraja likaguna, halikulia. Taya la Duop lilicheza. Mwili haukukaza. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka walipofika upande wa pili, na tawi likang'olewa kwenye lango la Atlabara, kabla mama yake Duop hajaliona.

Duop alikaa katika chumba cha giza kwa wiki nyingi, akatoka akitembea. Matairi yalirudi Sherikat kwa wakati, na mtoto wa Lillian alipelekwa hospitali kwa kimya akiwa bado tumboni, akarudi akipiga kelele mikononi mwa mama yake. Duop naye hupenda kujigamba kuwa yeye ndiye mtu pekee hapa Juba anayewajua kwa majina watakaovua kofia siku ya maziko yake, na waliochelewa kuvua anawadai soda.

Baada ya wiki tatu watu wa nchi hii watapiga kura yao ya kuamua kujitenga au kubaki, na wageni wengi wamekwisha kuondoka kwa kuhofia litakalofuata. Mama Erina aliulizwa kwa nini hakuondoka mapema. Alijibu kuwa magodoro ya wodi ya wazazi yalikuwa hayajafika, na hakuna mwingine ambaye angeyalalia.

Kesho asubuhi gari dogo litampeleka Nimule, na kutoka huko nyumbani kwake Hoima. Limevaa matairi mapya. Mama Erina hakuulizwa. Malual aliyachagua Sherikat, akalala yeye mwenyewe kiti cha nyuma huku Mugisha akiendesha mpaka darajani na kurudi, mara tatu, mpaka akaridhika.

Mama Erina, shirika linakushukuru kwa kila kitanda ulichokilalia kabla yetu. Upate mapumziko yenye afya, jamaa wanaokuzunguka, na kiti ambacho hulazimiki kukipima. Na kwenu madereva wa barabara ya Nimule, ombi letu ni moja: kesho gari hilo halitakuwa na tawi. Duop atakuwa amesimama Nesitu, kando ya zahanati aliyoimaliza kwa mikono yake, akingoja kusikia. Pigeni honi.