Mzee Elija Kibii arap Sigei, Mlinzi wa Sitaha ya Ritu

Tunayemzika leo hapa Kiamunyi alizaliwa tarehe 14 Julai 1951 katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, Elburgon, mtoto wa tatu wa marehemu arap Sigei na marehemu Taprandich. Nyumba yao ilikuwa ya mabanzi, na asubuhi ukungu wa Mau ulipofunika kila kitu, watu wa kambi walijua saa kwa mlio wa msumeno. Kiwanda hicho hakipo tena. Pamebaki lundo la vumbi la mbao lililooza, na hakuna aliyeona haja ya kuweka hata kibao.

Alianza shule mwaka 1960 na kumaliza darasa la saba mwaka 1966. Alifaulu. Lakini mwaka huohuo msumeno ulimkata baba yake vidole vitatu, na kama ilivyokuwa desturi ya kambi, mwana akaingia mahali pa baba. Masomo yaliyobaki alijipa mwenyewe, kwa kusoma magazeti ya zamani yaliyotandikwa chini ya mbao zilizopakwa vanishi. Mara nyingi habari ilikatika katikati, ukurasa wa pili ukiwa umeshafungiwa nyama, naye akaimalizia kichwani. Leo watoto wana maktaba nzima mfukoni na hawamalizi ukurasa mmoja.

Kwa miaka kumi na miwili alipiga msasa mbao za Elburgon. Mwaka 1979 Bwana Harbans, mfanyabiashara wa mbao mjini Nakuru aliyeujua mkono wake, alinunua boti, akaiweka Ziwa Naivasha na kuiita Ritu, jina la bintiye. Alimwita Kibii aitunze. Boti ile ilikuwa ya faiba, si ya mbao, na sitaha yake nyeupe iling'aa kiasi cha mtu kuona mawingu akiwa ameinama.

Wiki ya kwanza Kibii alifanya kazi aliyoijua. Aliona doa karibu na omo, mbele ya boti, akachukua msasa, akalisugua kwa nguvu zote za Elburgon. Doa lilitoka. Mng'ao nao ukatoka, na chini yake pakatokea kijivu, upana wa kiganja. Akakaa kungoja kufukuzwa. Harbans alipiga magoti, akapagusa kwa kidole gumba.

"Kibii, mbao ina ndani," alisema. "Ukisugua, chini unakuta mbao nyingine. Hii ina ngozi tu. Ikiisha, imeisha."

"Nipake rangi, bosi?"

"Paache hivyo. Patakufundisha kuliko mimi."

Kibii akaviringisha kamba ya nanga juu ya alama ile, na kwa miaka arobaini na mitano kamba haikuhama pale. Hakumwambia mtu.

Tangu siku hiyo alishika kazi kwa namna yake. Aliosha sitaha asubuhi kabla jua halijaipasha moto, akamwaga kikombe cha maji na kutazama. Maji yakisimama kama shanga, alikunja kitambaa akaondoka, hakugusa kitu. Yakitandaa, ndipo alichukua fulana kuukuu ya pamba, tone la polishi na duara ndogondogo, mkono ukipita juu kama mtu anayempangusa mtoto machozi. Mwisho nta, basi. Wenzake pale gatini walimcheka: "Huyu mzee ameandikwa kazi ya kutofanya kazi!" Yeye aliwajibu, "Siku mtajua kuacha, nitawafundisha kufanya." Boti zao zilisuguliwa kila Jumamosi kwa bidii kubwa, na zote zimeshakuwa mabanda ya kuku.

Tarehe 18 Desemba 1982 alimwoa Chepkemboi, binti wa mkulima wa viazi kutoka Molo. Siku chache kabla ya arusi aliwaalika yeye na baba yake kuiona boti. Bibi arusi alipoinua mguu kupanda, Kibii akamwambia, "Vua viatu kwanza."

"Mbele ya baba yangu? Mimi ni bibi arusi au ni mwizi?"

"Na baba pia avue."

Mkwe wake alivua, na soksi zake zilikuwa na tundu. Chepkemboi anasema hapo ndipo alipojua huyu ni mwanaume wa kuishi naye, kwa kuwa hakucheka.

Harbans alifariki mwaka 2016, na boti ikawa ya mwanawe, Rupinder. Mwaka 2020 ziwa lilipanda, gati likazama, na Ritu ikavutwa chini ya migunga ambako ndege waliifanya choo. Mwaka 2022 Mzee Kibii alipatikana na ugonjwa wa moyo, na daktari akamkataza kuinama. Sitaha ikaanza kufifia, nyeupe ya chokaa. Mwanzoni mwa Agosti mwaka jana Rupinder alipiga simu, kwa heshima, kusema kwamba isipong'aa kufikia mwisho wa mwezi, itapakwa rangi juu. Siku hizi kitu kikififia hakitunzwi, kinafunikwa. Mzee aliposikia hakula siku mbili.

Mwanawe Kipruto, ambaye wengi wenu mnamjua kwa kupolishi magari hapa Kiamunyi, hakuvumilia kumwona hivyo. Tarehe 13 Agosti alipakia mashine yake na kwenda Naivasha bila kuaga. Chepkemboi alipoligundua na kusema, Mzee alimwamuru binti yake Jepleting amwendeshe huko mara moja. Alijua ngozi iliyobaki ilikuwa nyembamba, na alijua mashine ingeimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Walimkuta Kipruto ameketi ukingoni mwa boti, mashine imezimwa. Kando yake, penye kona ya kushoto, palikuwa na kijivu.

"Baba, nilitaka tu ikusubiri iking'aa. Ilikuwa kazi ya masaa mawili. Nimeiharibu."

Mzee alivua viatu, akapanda, akatembea polepole hadi omo na kuinua kamba.

"Njoo uone yangu."

Kipruto aliinama akatazama. "Nani alifanya hii?"

"Mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Wewe una mingapi?"

"Arobaini."

"Basi wewe umechelewa."

Jepleting anasema walicheka hadi akaogopa moyo wa Mzee. Kisha Kipruto alirudisha mashine garini. Kwa siku kumi na sita alifunga biashara yake akafanya kazi kwa fulana, baba akiwa juu ya kreti kivulini akimwambia, "Usiisukume. Iombe." Tarehe 31 Agosti Rupinder alikuja na kikombe, akamwaga maji karibu na usukani. Yalisimama kama shanga. Akatazama chini, akakumbuka, akavua viatu. Rangi haikupakwa.

Mzee Kibii alilazwa Nakuru mwezi Januari mwaka huu, akaomba arudishwe nyumbani, na akafariki Jumapili tarehe 2 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mkewe amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Chepkemboi, watoto wake Jepleting, muuguzi huko Molo, na Kipruto, wajukuu watano, na kaka yake mkubwa Kipyegon, anayewasomea maneno haya. Ameacha pia fulana moja kuukuu ya pamba.

Jeneza mnaloliona ni la mbao, na Kipruto amelipolishi kwa fulana hiyo. Alitaka kuendelea, akamwaga maji kidogo juu yake, akatazama, kisha akakunja kitambaa. Mtakaolibeba, libebeni taratibu. Udongo wa Kiamunyi umkalie mwepesi kama mkono wake ulivyokalia sitaha, na apate amani yake.