Sauti Inayokufa Kwenye Chuma cha Saba

Zimeni redio hiyo kwanza, wanangu, kisha mkae, maana sikubali kukata roho huku Renato Kresina akijiliza masikioni mwangu. Mirna, washa simu yako inase sauti, uiweke hapa juu ya mto. Sandro, vuta kiti uje karibu, mbona unasimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba? Na wewe Tonči, ambaye wanangu wamekuita Barba, yaani mjomba, tangu wakinyonya ingawa hatuna damu moja, sogeza upande wangu lile sikio lako zima, kwa sababu nimekuita uwe shahidi, na safari hii utashuhudia upende usipende. Mimi Nerina Blažić, mpiga besi wa mji huu wa Rijeka, mjane wa baharia Ljubo, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, akili zangu timamu, ila moyo ndio umechoka kugonga, nasema haya leo asubuhi na sitayarudia.

Tuanze na vitu, maana vitu havina maneno. Nyumba hii ni ya Mirna, na Sandro asinune, kwa sababu Mirna ndiye aliyenibeba kwenda chooni miezi mitatu bila kukunja uso. Shamba la mizabibu kule Kastav mligawane nusu kwa nusu, wala msiwauzie wale wanaochimba mabwawa ya kuogelea. Santuri za Waingereza achukue Mirna, za kwetu achukue Sandro, na zile zenye mikwaruzo msizitupe, hizo ndizo nzuri, ndizo zilizopigwa. Spika yangu kubwa apewe Tonči akaikalie, kwani maisha yake yote kazi yake imekuwa kukaa.

Usicheke, Tonči. Bado sijafika kwako.

Besi nitaisemea mwisho. Kwanza lazima wanangu mjue kwa nini nakufa na hasira, maana mmekua mkinisikia nikimtukana Renato kila wimbo wake unapopigwa, mkadhani ni wivu wa mwanamke aliyebaki kupiga harusini wakati mwenzake amepanda majukwaa makubwa. Mwenye kovu usidhani kapoa, wanangu. Mimi sikupoa hata siku moja.

Tulikuwa wapiga besi saba, Renato na Tonči wakiwemo, na tulikutana kila Alhamisi baada ya kazi kwenye chumba cha nyuma cha baa ya Zora, pale chini ya stesheni. Wapiga solo hatukuwaruhusu, wapiga ngoma ndiyo kabisa. Kila mmoja alileta wimbo wa roki aupendao, wa watu wengine, akaupiga besi peke yake bila sauti nyingine, na wenzake wakabahatisha ni wimbo gani. Tonči alileta wimbo uleule miaka miwili mfululizo, wa dakika tisa, na miaka miwili mfululizo tulijifanya hatuujui ili asikate tamaa. Huyu alikuwa na besi ya Kicheki nyekundu kama kiazisukari, yule aliichonga yake kwenye mlango wa kabati la mama mkwe, na mimi nilikuwa na ile aliyoniletea Ljubo kutoka Baltimore, ya mwaka sitini na mbili, rangi imechubuka pale mkono ulipokuwa ukilala, na wote waliitazama kama watu wenye njaa wanavyotazama sufuria ya brudet, mchuzi wetu wa samaki. Walikuja kunitembelea hata nilipokuwa mgonjwa, nikajua kabisa kwamba wamekuja kuitembelea yenyewe.

Sheria zetu zilikuwa mbili. Ya kwanza, aliyepiga kopi nzuri kuliko wote siku hiyo huchagua besi ya mwenzake na kukaa nayo mpaka Alhamisi inayofuata. Ya pili, ukitunga pigo lako mwenyewe, kipande cha besi ambacho hakijawahi kupigwa na mtu, unalipiga mbele ya wote, na tangu hapo ni lako. Hatukuandika karatasi, masikio sita yalitosha. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa ujinga wetu. Tuliamini mtu aliyesikia atasema kwamba alisikia.

Mwaka sabini na nane, mwezi wa Machi, nililipiga pigo langu. Mnalijua, nchi nzima inalijua, hata wauza samaki wanalipiga miluzi. Linashuka sauti tatu, linapanda mpaka chuma cha saba kati ya vile vyuma vya shingo ya besi, kwenye uzi mwembamba, halafu kimya, halafu linaanguka chini kabisa kwenye uzi mnene. Huo ukimya ndio unaowatoa watu machozi. Renato alikuwa amekaa karibu na dirisha, akaniambia, "Rudia, Nerina, kuna lori limepita, sikusikia vizuri." Nikarudia. Nikarudia mara nne, mpumbavu mimi, nikifurahi kwamba mwenzangu analipenda. Halafu akapiga kopi yake, akashinda, akachagua besi yangu, akaondoka nayo.

Alipoirudisha wiki iliyofuata alikuwa ametoa nyuzi zangu na kutia mpya. Tonči, waeleze hawa maana ya jambo hilo. Nyuzi za miaka minane, zilizokunywa jasho langu na mafuta ya vidole vyangu mpaka zikanguruma kama paka aliyeshiba, yeye amezitupa jalalani kama mabaki ya ugali wa palenta. Nilimtukana mbele ya watu wote, nikamwita mchinjaji, naye akainamisha kichwa kwa adabu. Kumbe nilikuwa nimeibiwa nyumba nikawa nalilia ufagio. Baada ya mwezi mmoja wimbo wake ukatoka redioni, na pigo langu ndani yake, limerekodiwa kwa besi yangu.

Nikaenda kwa Zora siku ya Alhamisi nikawauliza wote, nani alitunga pigo lile? Wanaume watano wakaangalia glasi zao. Renato akatabasamu, akasema, "Nerina, besi ni kama hewa. Nani amewahi kuwa na hewa yake?" Nikamgeukia Tonči, rafiki wa mume wangu, msimamizi wa ubatizo wa mwanangu huyu, nikamwambia, sema. Akasema alikuwa chooni.

Basi nikaacha Alhamisi zao. Nikapiga kwenye harusi na sherehe za wafanyakazi wa meli miaka thelathini, na kila harusi wakataka wimbo ule, nami nikapiga kopi ya pigo langu mwenyewe ili wanangu mle. Mwaka mmoja huko Opatija bwana harusi alinipigapiga begani akaniambia, "Mama umejitahidi, ila Renato analipiga kwa hisia zaidi." Nilikunywa rakija yake, nikala keki yake, na nikamwombea mke mwenye mdomo.

Leo redioni mmemsikia, kabla sijawaambia mzime. Jumamosi ana sherehe ya miaka hamsini ya muziki, watu elfu kumi watakuwepo, na mtangazaji kamuuliza ule ukimya ulimjia vipi, naye akasema ni pumzi ya mwisho ya marehemu baba yake, alikuwa amemshika mkono, ikakatika, akaikimbilia besi. Mwongo mkubwa. Baba yake nilimzika mimi, nilibeba shada la maua, na alikufa miaka kumi na moja baada ya wimbo ule kutoka, akiwa anacheza karata.

Mimi nitawaambia ukimya ule ulitoka wapi, na sijamwambia mtu yeyote isipokuwa wewe Sandro, Pasaka iliyopita. Besi yangu ina kasoro. Mbao nyingine za zamani zina ugonjwa huo: kwenye chuma cha saba, uzi mwembamba, sauti haikai. Unaipiga, inatoka, inakufa papo hapo kama mshumaa uliopulizwa. Miaka mingi niliikwepa, mpaka siku moja nikasema, kama unataka kufa basi kufa, nami nitakusubiri, nikatunga pigo zima kuuzunguka ule msiba wake. Sikuukata mimi ukimya ule, ubao ndio ulionyamaza. Sasa mtazameni Renato jukwaani: kila akifika pale anaikata sauti kwa kiganja, kwa sababu besi zake zote ni nzima, zinaendelea kulia. Mpiga besi yeyote akishika besi yangu na kulipiga pigo lile atajua mara moja limezaliwa wapi na nani alikuwa mama yake. Siku za mwizi ni arobaini, na yake imefika.

Kwa hiyo wosia wangu ni huu. Besi ni yako, Sandro. Ndiyo, yako, ingawa Mungu alinipa mtoto wa kiume akampa vidole vya solo. Renato ametuma watu mara tatu mwaka huu kuinunua, na nimewafukuza, na mimi nikishazikwa asiipate. Atakuja mazikoni, penye kamera hakosekani. Mbele ya wote, mpe aishike, mwombe apige pigo lake kwa heshima yangu na asiweke kiganja. Wapiga besi wote wa pwani hii watakuwa hapo. Hawatahitaji kuambiwa. Na padri akisema kwamba nimekufa nikiwa nimewasamehe wote, kohoeni.

Mirna, nipakatishe besi, niwaonyeshe jinsi inavyofanya. Taratibu. Mbavu zangu. Chomeka waya kwenye spika ndogo, fungua kidogo tu. Tonči, sikio. Haya, chuma cha saba, uzi mwembamba.

Hm.

Ngoja, nirudie, kidole changu hakina nguvu.

Inalia. Mbona inalia? Mirna, mwanangu, hesabu. Mbili, tatu, nne, bado inalia. Barba Tonči ametikisa kichwa, mmemwona, anasema, "Hiyo inaishi, Nerina. Hiyo siyo." Naam, siyo yangu, ni kopi. Rangi wameichubua palepale, kovu la kiuno wamelichora, hata harufu ya tumbaku ya Ljubo wametafuta. Wamefanya kazi nzuri. Wameweka kila kitu isipokuwa ugonjwa.

Sandro, usitoke. Mirna, simama mlangoni.

Mimi sikuulizi kama umempelekea Renato ile yangu, nakuuliza alikupa nini. Sema kwa sauti. Hapana, siyo pesa, pesa ningeelewa, pesa huisha. Kakuahidi nini? Kwamba Jumamosi utapiga solo nyuma yake, mbele ya watu elfu kumi. Una miaka hamsini na mbili, mwanangu. Unasema ulidhani sitaishika tena mpaka nife. Unasema kwangu ilikuwa ubao tu wa kunitia uchungu. Kikulacho ki nguoni mwako, mimi nilikuwa namtafuta mwizi nje ya dirisha miaka arobaini na saba, kumbe wa pili nimemnyonyesha. Na siri ya chuma cha saba, ulimwambia? Usinitazame miguu. Ulimwambia. Ndiyo maana anaitaka kabla ya Jumamosi, siyo aipige. Aiue.

Maji, Mirna. Kidogo. Basi.

Sasa nabadilisha wosia wangu, na simu bado inanasa. Tonči, njoo. Msogezee simu mdomoni. Ubao wangu hauwezi tena kunisemea, na ukimtoa Renato umebaki wewe peke yako kati ya masikio yale sita, wengine wote wako makaburini na glasi zao. Sema. Usinililie, sema.

Asante. Mirna, umesikia, imeingia? Barba amesema: "Alhamisi ile Nerina alilipiga mbele yetu, mara nne. Sikuwa chooni. Renato aliniahidi safari ya Ujerumani na bendi yake, nikanyamaza." Peleka sauti hiyo leo hii kwenye redio ileile, kabla ya taarifa ya habari ya saa saba. Na wapelekee wapiga besi wote, kila ambaye namba yake unayo na ambaye huna. Wamwombe Jumamosi atoe kiganja. Wamwombe elfu kumi kwa pamoja. Nilitaka nimwone uso. Basi, mtaniambia kaburini.

Tonči, spika ni yako, na usiikalie. Ipige. Wimbo wako ule mrefu, nilikuwa naujua tangu siku ya kwanza.

Mirna, binti yangu, uliyenibeba, nakupa radhi yangu yote, ya kifua na ya mgongo, uende nayo mbele na usirudi nyuma nayo, mikono yako isikose chakula, nyumba yako isikose mlango wazi. Mungu akutazame kama ulivyonitazama.

Na wewe.

Njoo karibu, sina sauti ya kuitupa mbali. Wewe ni mwanangu, siwezi kukulaani, mdomo umekataa, nimejaribu sasa hivi. Lakini radhi yako sinayo hapa kitandani, Sandro. Niliiweka kwenye ubao ule, wewe ukambebea Renato nyumbani kwake. Iko huko. Kaichukue kabla hajawasha moto.

Nenda. Usinibusu kwanza.

Nenda.