Koti la Springi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mshonaji. Alishona sare, mapazia na magauni ya harusi, lakini mtaani kwao anakumbukwa kwa vazi ambalo halikuvaliwa na mtu. Alishona koti la springi. Naam, springi ya pikipiki. Watu walimwita Mama Turubai.

Yalianza kwa ajali. Mumewe alikuwa uani, akitengeneza pikipiki yake mwenyewe. Alitaka kufungua shokapu, kile chuma chenye springi kinachobeba mtikisiko wa gurudumu. Springi ya namna hiyo haitolewi mpaka ibanwe kwanza. Yeye aliibana kwa kamba na goti. Kamba ikateleza. Springi ikaruka, ikamtoa jicho la kushoto.

Mama Turubai aliacha sindano katikati ya pindo, akakimbilia uani. Waliporudi kutoka hospitali, pindo lile hakulimalizia. Wateja walisubiri. Alikuwa amekwisha kata shauri: hakuna mtu mwingine wa mtaa ule atakayepoteza jicho kwa ajili ya springi.

Alitafuta vibano viwili vya chuma, vyenye ndoano na boliti ndefu. Kisha akashona mfuko mzito wa turubai, wenye mikanda ya kufungia na matundu ya kupitishia spana. Mumewe, bandeji ingali usoni, alicheka kwa mara ya kwanza tangu aumie.

"Mama watoto, unaishonea springi suti? Kwani inakwenda kuposa wapi?"

Mama Turubai aliifunga springi iliyobanwa ndani ya koti, akajificha nyuma ya ukuta, akavuta kamba ili kibano kifyatuke. Koti likachanika kama karatasi. Akaongeza tabaka la turubai. Likachanika tena. Akabadilisha uzi, akarudia mishono yote, akavuta. Safari hii koti lilirukaruka uani kama mbuzi aliyetiwa guniani, kisha likatulia. Springi ilikuwa bado ndani.

Tangu siku hiyo, kila aliyetaka kutengeneza shokapu nyumbani alipita kwanza kwa Mama Turubai. Aliazimwa koti na vibano, pamoja na masharti. Kibano kimoja upande huu, kingine upande wa pili, vikielekeana. Funga koti kabla ya kukaza. Kaza huku kidogo na kule kidogo, kama mshonaji anavyovuta kitambaa pande zote kisiende upogo. Wala usiweke uso mbele ya ncha ya springi. Aliyebisha alirudi kwake mikono mitupu.

Mkwewe, mume wa binti yake, alikuwa mtu wa haraka. Siku moja, palepale uani, alikaza upande mmoja tu. Springi ikapinda, ndoano ikachomoka. Koti likaruka mikononi mwake, mshono ukafumuka, naye akajikuta ameketi chini, mzima. Mwenyewe anasimulia kwamba alianza kuomba radhi kwa kuharibu koti. Mama mkwe akamkatiza.

"Turubai nitalitia kiraka, baba. Wewe ukichanika, kitambaa chako nitakipata duka gani?"

Kisha akamwagiza aanze upya, huku yeye akitazama.

Wasikilizaji wapendwa, Mama Turubai ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua kifua. Siku iliyofuata mazishi, jirani mmoja alibisha hodi kwa haya. Alihitaji koti. Lakini koti lilikuwa limefumuka tena ubavuni, na mshonaji hakuwapo. Mumewe, ambaye hajawahi kugusa cherehani maishani mwake, alimwambia jirani asubiri. Akaketi kwenye kiti cha mkewe.

"Kutunga uzi kwa jicho moja ni kazi," ametuambia. "Nilikosa, nikakosa, nikakosa, hata ukapita. Mshono wangu umekwenda upogo, angenicheka. Lakini niliujaribu kwa kamba, nyuma ya ukuta. Umeshika."

Kwako baba, kwa binti na kwa mkwe, sisi sote tunawapa pole, na Mungu amlaze mahali pema. Nasi tuliobaki tujiulize: lile lililotuumiza sisi, tumefanya nini lisimuumize jirani?

Koti limerudi kwenye msumari wake, kando ya mlango wa uani. Anayelihitaji abishe hodi.