Sahani Juu ya Meza ya Vikopo

Amani kwenu, bababa na bamama wa kanisa. Mi ni muntu wa kucheka, munanijua. Leo sicheki, nasikia haya.

Munajua nafanya kazi hapa Baraka, ndani ya laboratwari, kule bazungu banatafuta kuhara damu inapitia wapi. Kila siku tunapokea vikopo vya choo kutoka Swima na Ubwari. Mi natandaza kidogo juu ya kioo, naangalia vidudu kwa mikroskopi. Ndiyo bamama, choo! Musikunje pua, ndiyo kazi inayonilisha.

Mukubwa wetu, anfirmie muzee, yule muuguzi, alitupa sheria siku ya kwanza: "Chakula hakiingii humu. Hata kipande cha muhogo." Nikaitika, "Ndiyo, baba."

Lakini ninyi munajua desturi yetu. Ukikula nje, kila anayepita lazima umuite: karibu tukule. Na pale mbele banapita batu wa soko na bavuvi, wote na njaa yao. Muke wangu ananifungia bugali na ndagala, vile visamaki vya ziwa, nzuri kabisa. Nikasema, nikiita hawa wote, mi nitabaki kulamba vidole. Basi nikafunga mulango, nikasogeza vikopo, nikaweka sahani juu ya meza ileile, nikakula peke yangu. Nawaambia, ilikuwa tamu! Kilichobaki nikakirudisha nyumbani, muke wangu akakimaliza kwa sahani ileile.

Nilifanya vile miezi mingi, nikajiona mujanja. Halafu tumbo likanikata, damu ikatoka. Kisha muke wangu akaanguka naye, na mimba ya miezi saba. Macho yakaingia ndani, hata sauti ikapotea.

Wakati ule mama mukwe wangu alikuwa amefika kutoka Lubondja kumusaidia binti yake. Batu wa ukoo wangu bakauliza: "Mulikuwa bazima. Sasa nani anapika?" Bakasema mama huyu ametia sumu ndani ya chungu. Na mimi, ndugu zangu, mimi niliyejua meza yangu, nikatingisha kichwa kukubali. Bakamuambia kesho afunge vitu vyake, arudi kwao. Alikaa kwenye mulango akimuangalia binti yake tu.

Asubuhi anfirmie akaniita kazini. Alikuwa amechukua choo chetu. "Angalia." Nikaangalia. Vidudu vya amiba, vilevile ninavyoviona kila siku. Akaniuliza polepole, "Ulikula wapi?"

Ningesema maji ya ziwa. Kila muntu anasema maji ya ziwa. Lakini mama wa watu alikuwa anafukuzwa saa ileile, na muke wangu angebaki bila muntu wa kumuinua. Nikasema, "Juu ya meza, baba. Na sahani niliipeleka nyumbani."

Hakupiga kelele. "Sindano nitaleta mimi," akasema. "We enda useme hivyo kwa wale banaomufukuza."

Nikakimbia nikishika tumbo. Nikamukuta mama mukwe na kitunga tayari kichwani. Nikapiga magoti mbele ya ukoo wote: "Mama hana kosa. Ugonjwa nimeuleta mimi, na choyo yangu." Kaka yangu akapiga kelele, "We iko mujinga kabisa!" Kweli. Mama mukwe akashusha kitunga, akaniuliza, "Binti yangu amekunywa maji leo?"

Muke wangu alipona. Mutoto alizaliwa muzima, na mama huyu ndiye alimupokea. Asante, baba anfirmie, kwa sindano na kwa kunisukuma niseme. Na ninyi munaofanya kazi kama yangu, mikono munawe, chakula mukule nje, na anayepita mumuite. Nilifikiri nikivunja sheria nitaumia peke yangu. Hapana. Kosa langu lilibebeshwa mama asiye na kosa.

Na bado analibeba. Uongo ule wa sumu ulifika mpaka hapa kanisani. Kila siku ya Mungu naona anakaa peke yake kwenye benchi ile ya nyuma, hata sasa. Bamama, nawaomba, simameni, mukakae karibu naye.