Mama Vibanda Anapumzisha Macho

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusoma prufu katika kiwanda chetu cha uchapaji, Mama Vibanda anastaafu tarehe 30 Juni. Anayeandika haya ndiye atakayekalia kiti chake Jumatatu, na tangu apewe habari hiyo hajatulia.

Jina hilo lilitokana na ile alama yenye ncha juu, inayochorwa mstarini pale neno lilipoachwa. Sisi huiita kibanda. Kibanda humwonyesha mpangaji wa herufi mahali pa kuingiza neno, herufi, mkato, au nafasi kati ya maneno yaliyobanana. Mama Vibanda alivichora hata kwenye matangazo ya meneja. Kadi ya harusi ya binti yake aliirudisha kwa mpangaji mara tatu, mpaka bwana harusi akaingiwa na wasiwasi.

Kisha ikaja Machi. Akisoma maelezo ya dawa ya watoto, aliandika pambizoni "baada ya kula" akasahau kuchora kibanda mstarini. Mpangaji, asijue maneno hayo yakae wapi, aliyaacha. Mama Vibanda aliokota karatasi ya kwanza ikiwa bado na joto, akaisoma, akapiga kelele mashine zizimwe. Hakuna karatasi iliyotoka nje.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa meneja. "Macho yangu yameanza kuruka maneno," alisema. "Niacheni niende kabla mtoto wa mtu hajaumia." Tulimbembeleza, mwandishi wa haya akamnunia wiki nzima, lakini wapi! Alikubali tu kumalizia miezi yake kwa kusoma na mwenzake, mmoja akitamka, mwingine akifuata kwa kalamu. Penye wengi hapaharibiki neno, alitutania, na kweli hatukukosea tena.

Wiki iliyopita meneja alimuuliza angependa zawadi gani. Tulitarajia saa ya ukutani. Mama aliomba kiti cha pili, na mtu wa kukikalia, ili asiwepo tena wa kusoma peke yake mezani pale. Meneja alikuna kichwa siku mbili, akakubali.

Ahsante, Mama, kwa yote uliyotuokoa nayo. Nenda kapumzike, ulale mpaka jua liwake, na wajukuu wakusomee wewe sasa. Jumatatu nitaketi nikiwa na hofu, lakini sitakuwa na hofu peke yangu.