Skopu ya Marijani wa Mtoni

Wasikilizaji wapendwa, leo siweki muziki mwanzoni. Marijani hakupenda kelele, na mie mwenyewe sina hamu nao. Tunamkumbuka Marijani wa Mtoni, askari wa wanyamapori mstaafu, aliyeuawa na nyati kule Rufiji mwezi uliopita. Narudia kwa waliofungulia redio sasa hivi: Marijani wa Mtoni, nyati, Rufiji. Na nyie mnaosema kwamba bunduki ilimponza kwa sababu mdogo wake aliifunga skopu ovyo, ongezeni sauti. Nyie hasa ndio nawataka.

Marijani alistaafu, lakini vijiji havikumstaafisha. Nyati akivamia mashamba ya mpunga, anapigiwa simu, anabeba bunduki yake ya kibali, anakwenda. Shida ikawa macho. Umri ulipoingia, kile kichuma cha kulengea kwenye ncha ya mtutu kikawa ukungu mtupu. Safari moja akakosa, nyati akaondoka na jeraha, watu wakaogopa hata kwenda kuvuna. Aliporudi nyumbani, mkewe Rukaiya akamwambia: ama utafute dawa ya jicho hilo, ama ukae hapa ulee wajukuu. Dawa ilikuwa skopu, yaani darubini ya kufunga juu ya bunduki.

Mdogo wake, Faraji, ni fundi bunduki mwenye leseni. Alimletea skopu ndefu, nene, ya kuvuta mbali. Marijani akaishika, akacheka.

"Bwana mdogo, hii ni ya kupigia swala uwandani. Mie nyati namkuta kichakani, namsikia mpaka anavyotafuna."

Akachagua fupi. Inaanzia moja, inaishia sita. Kwenye moja unaona kitu kama kilivyo, macho yote mawili wazi. Kwenye sita kinakuja karibu mara sita. Unabadilisha kwa kuzungusha pete, na Marijani alitaka yenye pete ngumu, ili mkoba na matawi yasiizungushe yenyewe. "Ukiiweka, inakaa," alisema. Lishikeni neno hilo.

Kuifunga kulikula mchana mzima. Faraji alimwambia kaka yake afumbe macho, aweke bunduki begani, kisha afumbue. Duara la kuonea ndani ya skopu lisipojaa, anaisogeza kidogo. Ikikaa karibu mno na jicho, bunduki ikipiga teke inakupasua nyusi. Akaning'iniza uzi wenye jiwe ukutani, akalinganisha msalaba wa ndani ya skopu na ule uzi. Skrubu akazikaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, kama nati za tairi. Wakaenda uwanja wa shabaha, risasi zikakaa pale zilipotakiwa. Rukaiya akaonyeshwa karatasi yenye matundu, akaridhika. Ruhusa ikatoka.

Marijani akajiwekea sharti moja. "Nyumbani moja, porini moja. Sita ni ya kuchungulia tu."

Sasa tuje kwenye Ijumaa yenyewe, siku aliyouawa. Mama yake, Bi Mwanabaraka, naye ana macho mabovu, na siku nyingi alikuwa anaitamani hiyo darubini. Nilikaa naye sebuleni. Haya ni maneno yake.

"Alitoa komeo la bunduki isiweze kupiga, akanipa mie nilishike. Akaiegemeza dirishani, akanikuzia mpaka mwisho. Nikauona mnazi aliopanda marehemu baba yake kule bondeni. Zamani sana sijauona vile. Na kunguru yuko juu, anajenga kiota kwa vipande vya waya. Nikacheka mie. Nikamwambia, usiiguse, iache hapo hapo, nikishaswali nataka nione tena."

Hajamaliza kuswali, gari likafika. Nyati wameingia mashambani Rufiji, mtu ameumizwa. Marijani akarudisha komeo, akafunga mkoba. Mama akamsindikiza mlangoni kwa dua.

"Nikamuuliza, hukuigusa? Akaniambia, sijaigusa, mama. Nikirudi utawaona na vifaranga."

Mtaniuliza kwa nini hakuirudisha kwenye moja njiani. Wallahi sijui. Mama amesema usiiguse, na nyie wote mmelelewa na mama, mnajua neno hilo linavyokaa kichwani. Labda alijisemea ataizungusha akifika. Alipofika, watu walikuwa wanapiga kelele, nyati yuko palepale ukingoni mwa shamba.

Nyuma yake alikuwa Cyprian, askari mwenzake. Cyprian anasema nyati alichomoka kichakani hatua chache tu mbele yao.

"Mzee akainua bunduki, akasita. Mie nimefanya naye kazi, hakuwahi kusita. Akasema, Cyprian, sioni, nyeusi tupu."

Ndivyo ilivyo, wasikilizaji. Mnyama yuko hapo, skopu iko kwenye sita, unaona manyoya tu. Hujui bega liko wapi, hujui kichwa kiko wapi. Cyprian alipiga, lakini alichelewa. Alipoiokota bunduki ya Marijani aliitazama pete. Ilikuwa kwenye sita.

Baada ya mazishi, Cyprian na Faraji waliirudisha bunduki ileile uwanja wa shabaha. Risasi ikakaa palepale pa mwanzo. Hakuna skrubu iliyolegea. Narudia: hakuna skrubu iliyolegea. Lakini Mtoni ilishahukumu. Siku ya hitima mtu mzima na kanzu yake alimwambia Faraji, "Umemuua kaka yako," na ubwabwa wa msiba bado uko mkononi. Faraji akafunga karakana. Hatoki. Hali chakula.

Bi Mwanabaraka aliyasikia hayo akiwa chumbani. Ndiye aliyenipigia simu. Nikamwambia, mama, ngoja kwanza, Rukaiya bado yuko edani, acha yapoe. Akanijibu, "Nimezika mmoja. Faraji naye ni mwanangu. Sema redioni kwamba ni mie."

Nimesema. Nimesema na roho inaniuma, kwa sababu si yeye, na sina uwezo wa kumfanya aamini hivyo.

Bi Mwanabaraka, Rukaiya, Faraji, poleni. Sina neno la kuwainua na sitalitunga. Wanaosema ni mipango ya Mungu wanasema kweli, ila wanaisema upesi mno, halafu wanaondoka. Nyie mnaonisikiliza, kabla hamjamtia fundi hatiani barazani, tafakarini ni mtoto wa nani, na mama yake amekaa chumba gani anawasikia.

Jana nilikwenda kuwaona. Bunduki imesharudishwa polisi, skopu imebaki nyumbani. Bi Mwanabaraka alimwita Faraji amshikie dirishani. Akachungulia muda mrefu.

"Vifaranga wametoka," akasema. "Basi, nimeona. Irudishe kwenye moja, mwanangu."

Faraji akaizungusha ile pete ngumu, polepole, mpaka ikafika kwenye moja. Kisha akakaa nayo mapajani, maana hapakuwa tena na mtu wa kuondoka nayo.